Chozi Mmoja au Wengi? Kila Ndege na Bawa Lake

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa bawa lake. Ni methali ambayo nimeifundisha kwa miaka mingi hapa Ikonge, katika kaunti ya Nyamira, na kila mara nilieleza maana yake ya ndani: kwamba kila mja ana uwezo wake na njia yake ya kujikimu. Sikuwahi hata siku moja kuizingatia maana yake ya juu, ile ya ndege na bawa. Mtoto mmoja wa kike wa gredi ya sita ndiye aliyenilazimisha kufanya hivyo. Leo nawaomba wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi, wanivumilie niwasimulie jinsi nilivyofedheheka na jinsi nilivyofaidika.

Tulikuwa tukisoma kisa alichopenda kukisimulia marehemu Profesa Wangari Maathai, yule mama wa miti aliyetunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004. Msitu unawaka moto. Wanyama wakubwa wameduwaa, hawajui la kufanya. Ndege mmoja mdogo anakwenda mtoni na kurudi, akibeba tone baada ya tone katika mdomo wake ili auzime moto ule. Nilitaka kukikoleza kisa hicho, nikawatoa wanafunzi nje hadi pembeni mwa uwanja. Hapo uliota mti ambao kwa Ekegusii tunauita omotembe, mti wenye miiba na maua mekundu kama makaa. Ndege wawili weusi walikuwa wakifyonza maua hayo. Nikanyoosha kidole na kusema kwa sauti ya mtu asiye na shaka, "Huyo ndiye ndege wa Profesa."

Binti yule akainua mkono. "Mwalimu, hao si ndege wa namna moja. Yule ana mkia mrefu. Huyu ana kifua chekundu, na akiimba ni kama mtu anayehesabu."

Nikamjibu kwa maneno ambayo yangali yananikera hadi leo: "Nyamaza, binti yangu. Ndege ni ndege."

Nilikuwa nimekosea mara mbili kwa pumzi moja. Kosa la kwanza ni kwamba ndege wa kisa cha Profesa hapatikani Kenya, wala katika bara lote la Afrika. Ni ndege mvumaji wa mabara ya Amerika, aitwaye hivyo kwa sababu mabawa yake hupiga kwa kasi hata yakavuma kama nyuki. Huweza kusimama hewani mbele ya ua bila kutua. Huyu wetu ni chozi, ambaye aghalabu hushika kijiti kwanza ndipo afyonze. Wanafanana kwa udogo, kwa mng'ao wa manyoya na kwa mdomo mrefu, lakini hawana udugu wa karibu. Jamaa wa ndege mvumaji ni teleka, wale ndege wa kasi ambao wengi wetu huwachanganya na mbayuwayu. Chozi yumo katika kundi kubwa la ndege waimbaji, pamoja na shorewanda na kwera. Kazi moja, yaani kufyonza maua, ndiyo iliyowapa sura moja, kama vile mvuvi wa Mombasa na mvuvi wa Ziwa Viktoria wanavyoweza kuwa na mikono yenye sugu zilezile ilhali hawajui hata lugha ya mwenziwe.

Kosa la pili ndilo lililonikalisha chini. Binti alisema kweli. Ndege wale walikuwa chozi wa namna mbili. Wa mkia mrefu anaonekana mweusi ukiwa mbali, lakini jua likimpiga hung'aa kama shaba. Mwenzake ni mweusi-kahawia mwenye kifua chekundu sana. Fauka ya hayo, wale ndege wadogo wenye rangi iliyofifia, ambao siku zote nilidhani ni kabila jingine kabisa, walikuwa majike wa hao hao. Macho yangu yalikuwa yamenidanganya kwa pande zote mbili. Waliokuwa tofauti niliwaunganisha, na waliokuwa mume na mke nikawatenganisha.

Niliposoma zaidi nikajifariji kidogo, kwa kuwa niligundua kwamba kosa langu limewapata hata mabingwa. Katika milima ya Andes, huko Amerika Kusini, yuko ndege mvumaji mkubwa kuliko wote wa ukoo wake, mwenye uzito wa gramu 20 hivi. Tangu alipopewa jina la kisayansi katika karne ya 19, alihesabiwa kuwa spishi moja tu, iitwayo *Patagona gigas*. Mwaka wa 2024 Jessie Williamson na wenzake walitoa utafiti uliotikisa hesabu hiyo. Waliwavika ndege hao vifaa vidogo mno vya kufuatilia safari, wakachunguza vinasaba vyao, na wakapima ngozi kuukuu zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Ikadhihirika kwamba kuna spishi mbili. Mmoja huzaa katika nyanda za chini za Chile, kisha husafiri hadi milima mirefu ya Peru, safari ambayo kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 8,000. Mwingine hukaa milimani mwaka mzima. Kwa miezi kadhaa wote wawili hukutana Peru na kuishi pamoja, na mtu hawezi kuwatofautisha kwa urahisi kwa macho. Hata hivyo, nasaba zao ziliachana zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, ya Peru yatufaa nini sisi wa Afrika Mashariki? Jibu langu ni kwamba jambo hilo lilikwisha kutokea hapa kwetu, kwa chozi wetu, miaka 20 kabla ya lile la Andes.

Yuko chozi mdogo wa milimani ambaye dume lake lina mgongo wa kijani kinachometameta, na kifuani mikanda miwili, mmoja mwembamba wa buluu na mwingine mwekundu. Tumwite chozi wa mikanda miwili. Mwaka wa 1885 Shelley, mtaalamu wa Uingereza, alimpa jina la kisayansi kutokana na ndege wa mlima Kilimanjaro. Alimwita *mediocris*, yaani wa wastani tu, jina ambalo kwangu ni la dharau kwa kiumbe mzuri kiasi kile. Mwaka wa 1899 Reichenow wa Ujerumani aliwapa jina ndege wa namna hiyo wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, akamkumbuka daktari Fülleborn. Mwaka wa 1922 Grote naye akawapa jina lao ndege wa milima ya Usambara. Baadaye wataalamu wengine waliwatazama wote, wakaona mikanda ni ileile, wakawatia katika kapu moja. Ndege wa Usambara na wa kusini wakawa nususpishi tu za yule wa wastani.

Ndivyo walivyokaa kwa miongo mingi, hadi mwaka wa 2004, mwaka uleule wa nishani ya Profesa Maathai. Rauri Bowie na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya chozi hawa kutoka milima ya Tao la Mashariki, ile safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa nchini Tanzania. Kapu lile likavunjika. Chozi wa Usambara na chozi wa Fülleborn wakarudishiwa hadhi ya spishi, na *mediocris* akabaki na milima ya Kenya na ya kaskazini mwa Tanzania. Majina hayakubuniwa upya. Yalifukuliwa mahali yalipokuwa yamezikwa.

Si hao tu. Katika milima hiyohiyo yuko chozi aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtaalamu aliyeishi Amani, Usambara, kuanzia mwaka wa 1928. Kwa muda mrefu baadhi ya wajuzi walishuku kwamba ndege huyu ni chotara tu, mtoto wa chozi wa mikanda miwili na chozi wa Loveridge wa milima ya Uluguru. Vinasaba vilimwondolea dhana hiyo. Ni spishi kamili, mwenye nasaba yake.

Sasa tuingie katika kiini cha mjadala. Ni kipi hasa kinachomfanya ndege awe spishi peke yake? Walimu wa Biolojia huwafundisha wanafunzi kanuni iliyoenezwa na Ernst Mayr mwaka wa 1942: viumbe ni wa spishi moja iwapo wanazaana wenyewe kwa wenyewe katika mazingira yao ya asili, na hawazaani na wengine. Kanuni hii ni nzuri, lakini ina tundu. Chozi wa Usambara na chozi wa Kilimanjaro hawakutani kamwe. Kati yao pana nyika kavu ambayo ndege wa msitu wa baridi hathubutu kuivuka, na kila mlima ni kama kisiwa katikati ya bahari. Mtu atajuaje kama wangezaana, iwapo hawajawahi kuonana?

Hapo ndipo masikio yanapoyasaidia macho. Mtafiti hurekodi wimbo wa dume wa mlima mmoja, kisha huucheza mbele ya dume wa mlima mwingine. Ndege akija kwa hasira kumtafuta mvamizi, basi ameusikia wimbo ule kama wa mshindani wake. Akiendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea, basi kwake yule ni mgeni asiyemhusu. Jay McEntee na wenzake, akiwamo Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamechunguza nyimbo za chozi hawa kwa miaka mingi. Mojawapo ya mambo waliyoyabaini, katika utafiti uliotolewa mwaka wa 2021, ni kwamba zipo jamii za chozi zilizotengana kwa mamia ya maelfu ya miaka na bado wimbo wao haujabadilika sana, ilhali nyingine zimebadilisha wimbo wao kabisa. Kwa hiyo hata wimbo peke yake hautoshi. Inabidi rangi, vipimo, wimbo na vinasaba viitwe vyote kutoa ushahidi, kama mashahidi mbele ya baraza la wazee, kila mmoja kwa zamu yake.

Nawasikia wapinzani wakinong'ona. Wasemao kwamba wataalamu wa siku hizi wamezidi kugawanya hawakosi hoja. Kuna hatari ya mtafiti kupenda sifa za kuitwa mgunduzi hata akakata kile kisichokatika. Orodha kuu za ndege wa dunia zilipingana kwa muda mrefu, hii ikiunganisha na ile ikigawanya, hadi ilipotolewa orodha moja ya pamoja, AviList, mwaka wa 2025, yenye spishi 11,131. Kabla ya hapo mwalimu aliyeulizwa idadi ya ndege duniani ilimbidi kwanza aulize, "Kwa orodha ya nani?"

Sisi watu wa Nyamira tunakujua kugawanywa. Tulikuwa wilaya moja na Kisii, kisha tukamegwa, na tangu mwaka wa 2013 kila upande una gavana wake. Lakini mpaka huo ulipochorwa, Ekegusii kilibaki Ekegusii, na mashemeji waliendelea kutembeleana. Kalamu ilitangulia, watu wakafuata. Mtu akidhani kwamba wataalamu wa ndege nao huketi ofisini na kuchora mipaka namna hiyo, simlaumu, lakini amekosea. Kwa chozi wa Usambara, mpaka ulikuwapo kabla hajazaliwa binadamu wa kuuchora. Kazi ya kalamu ilikuwa kuukiri tu. Na ushahidi usipotosha, mtaalamu mwaminifu huwaacha ndege katika kapu moja, au huwarudisha humo waliotolewa kwa pupa.

Je, kuna hasara gani tukiendelea kuwaita wote jina moja? Swali hili lilinijibiwa mlangoni pangu mwenyewe.

Ule mti wa omotembe haupo tena. Kikao kilifanyika, ikasemekana kwamba jikoni hamna kuni na kwamba mti wa miiba hauna faida. Mimi nilikuwa miongoni mwa walionyoosha mikono kukubali. Mahali pake pamepandwa mikaratusi, ambayo hukua upesi na kuuzwa. Miezi ilipita. Chozi wa mkia mrefu aliendelea kuja kwenye maua ya migomba na kwenye ua la shule. Wa kifua chekundu sikumwona tena. Nilimngoja asubuhi na jioni. Nikamwuliza omongina mmoja, jirani yangu, ambaye shamba lake linateremka hadi kijitoni. Akaniambia, "Mwanangu, huyo wa kuhesabu alikuwa akiniamsha. Siku hizi naamshwa na pikipiki."

Huenda amehamia bonde la pili ambako miti ya asili ingalipo. Chozi huyo yuko katika nchi nyingi na hayumo katika hatari ya kutoweka duniani. Lakini fikirini, wenzangu. Kama ningeendelea kuamini kwamba ndege ni ndege, ningetazama nje ya dirisha, nimwone yule wa mkia mrefu, niseme, "Chozi bado wapo," nami nirudi kusahihisha madaftari kwa amani. Siku niliyojua kwamba ni wawili ndiyo siku nilipoweza kujua kwamba mmoja hayupo.

Hilo lililotokea kwenye uwanja wa shule moja Ikonge limetokea kwa uzito mkubwa zaidi huko Taita. Katika vipande vidogo vya msitu vilivyosalia kwenye vilima hivyo anaishi ndege mdogo wa kijivu na mweupe, apalisi wa Taita. Hapo kale alihesabiwa kuwa nususpishi tu ya apalisi mwingine ambaye makao yake huenea hadi Afrika Kusini. Kwa hesabu hiyo hapakuwa na wasiwasi wowote: wa Taita wakiisha, si wako wengine kule Cape? Alipotambuliwa kuwa spishi peke yake, ndipo ulimwengu ukaona kwamba hana pengine pa kukimbilia, na sasa yumo katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ndege hakubadilika hata unyoya mmoja. Kilichobadilika ni kwamba sasa anahesabiwa kwa jina lake, na kwa jina hilo anaweza kutetewa.

Hapa ndipo nataka kuwachokoza walimu wa Kiswahili, nikiwa mmoja wao. Chozi wa milimani wanapogawanywa, Kiingereza huwapa majina mapya mwaka huohuo. Kilatini nacho kina yake. Kiswahili kinabaki na neno lilelile moja, chozi, kwa jamii yenye spishi nyingi zinazoruka juu ya vichwa vyetu kila siku. Ekegusii, Dholuo, Kikipsigis, Kitaita na Kisambaa bila shaka zina hazina ya majina ambayo hatujaiandika. Wazee wenye majina hayo wanapungua. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wa kale. Nami naongeza kwamba asiye na jina la kitu hata kikipotea hawezi kukitangaza.

Ombi langu si gumu, wala halihitaji fedha za serikali. Mwalimu awatoe wanafunzi nje kwa nusu saa, wakae kimya, waandike waliyoyaona na waliyoyasikia. Watazame mkia, kifua, ua analolipenda ndege na namna anavyoimba. Jioni wakawaulize wazazi na nyanya zao jina lake kwa lugha ya nyumbani. Madaftari hayo yatunzwe, maana baada ya miaka kumi yatakuwa ushahidi. Tangu mwaka wa 2013 upo mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya unaokusanya taarifa za watu wa kawaida kuhusu ndege waliowaona na mahali walipowaona. Sioni kwa nini ramani hiyo isijae taarifa kutoka Ikonge, Ekerenyo na Nyansiongo.

Nawe mwanafunzi, usiogope kumwambia mwalimu wako kwamba hao si wa namna moja. Sema kwa adabu, kisha ueleze ulichokiona. Mwalimu mwungwana atakusikiliza, na asiyekuwa mwungwana siku hiyo huenda akawa kesho, kama ilivyonipata mimi.

Binti yule sasa yuko sekondari ya chini. Juzi nilimwita ofisini nikamwomba radhi, jambo ambalo walimu wa kizazi changu hatukulizoea. Akainamisha kichwa, akatabasamu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, tukipanda omotembe mwingine, utachanua baada ya miaka mingapi?"

Nilimwambia sijui. Tumekwisha kuchimba shimo.